Haki za kuingia kwenye vidhibiti vya seva kupitia saraka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaotunza seva za ofisi, benki, vyuo na kampuni za hapa Dar es Salaam, wenye iDRAC za Dell, iLO za HPE au vidhibiti vya namna hiyo, na ambao wamechoka kuandika nywila ileile kwenye mashine arobaini. Saraka ni orodha moja ya pamoja ya watumiaji na vikundi vya ofisi, kama Active Directory ya Windows au LDAP nyingine. Mifano inatumia domeni ya kubuni ofisi.example. Weka yako mahali pake.

Kidhibiti kinahitaji saraka ya nini? Si kina akaunti zake?

Kinazo. Kidhibiti ni kompyuta ndogo iliyopachikwa kwenye ubao mama wa seva, yenye anwani yake ya mtandao, na hubaki hai hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, ilimradi waya wa umeme umechomekwa. Anayekiingia anaweza kuwasha na kuzima seva, kuona skrini yake akiwa Mbagala au Kibaha, na kuipakia diski ya mbali. Kwa fundi wa zamu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kumaliza kazi kitandani na kukaa kwenye foleni ya Ubungo usiku wa mvua.

Shida ya akaunti za ndani ni kwamba kila kidhibiti kina orodha yake. Mtu akiacha kazi, itabidi upite kwenye mashine zote, na hakuna anayepita. Matokeo yake timu nzima inatumia akaunti moja, na logi inasema "root ameingia" bila kusema root huyo ni nani. Siku seva imezimwa kimakusudi na unataka kuonyesha nani kafanya, huna la kuonyesha. Kwa kutumia saraka, kidhibiti hakihitaji kuwajua watu. Kinajua vikundi, na nani yumo kwenye kikundi ni kazi ya saraka.

Je, ninahitaji leseni?

Mara nyingi ndiyo. iDRAC inadai leseni ya Enterprise au ya juu yake, iLO inadai iLO Advanced. Hakikisha kabla ya kupanga kazi, hasa kama seva ni za mtumba, kwa sababu nyingi hufika bila leseni hizo. Seva ya mtumba ina jambo jingine: huja na akaunti, na pengine hata mipangilio ya saraka, ya mwenye mali wa kwanza. Irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani kabla hujaiunganisha na mtandao wako. Kwa iDRAC amri ni `racadm racresetcfg` (racadm ni zana ya amri ya iDRAC).

Kidhibiti kinamtambuaje mtu?

Mpangilio ni huu. Mtu anaandika jina na nywila kwenye ukurasa wa kuingia. Kidhibiti kinafungua mawasiliano yaliyosimbwa na seva ya saraka, poti 636, na kukagua cheti chake. Kwenye Active Directory kwa kawaida kinajaribu kuingia kwa jina na nywila za mtu huyohuyo. Kwenye LDAP ya kawaida kinaingia kwanza kwa akaunti ya huduma, kinatafuta mtu yuko tawi gani, kisha kinajaribu nywila yake. Ikikubali, kinasoma vikundi vyake, kinavilinganisha na orodha uliyokipa, na kumpa haki za kikundi kilicholingana.

Kwa hiyo kuna sehemu nne tu za kukwama: njia ya mtandao, cheti, nywila, kikundi. Fuata mpangilio huohuo unapotafuta kosa. Watu hukimbilia kikundi kwanza, kumbe hata njia haijafunguka.

Fayawoli ifunguliwe nini?

Kutoka VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa) ya vidhibiti kwenda kwenye seva za saraka: TCP 636, na 3269 kama mna domeni zaidi ya moja. Ongeza 53 ya DNS (TCP na UDP) na UDP 123 ya saa. Poti 88 ya Kerberos (njia ya uthibitisho ya Active Directory) inahitajika tu kama mtu ataingia bila kuandika nywila. Usifungue 389, poti ya LDAP isiyosimbwa, kwa kisingizio cha "tujaribu kwanza". Jaribio la namna hiyo huwa halifungwi tena.

Kumbuka pia kwamba kidhibiti kina DNS yake, tofauti na ya mfumo uliowekwa kwenye seva. Seva inaweza kulipata jina dc1.ofisi.example vizuri kabisa huku kidhibiti chake kikiwa hakina habari.

Niunde vikundi vingapi, na kila kimoja kipewe nini?

Vitatu vinatosha ofisi nyingi: bmc-wasimamizi, bmc-zamu, bmc-watazamaji (BMC ni kifupi cha Kiingereza cha kidhibiti cha namna hii). Usitumie Domain Admins. Anayesimamia domeni si lazima awe na kazi kwenye chumba cha seva, na fundi wa vifaa hana sababu ya kuwa msimamizi wa domeni.

Ugumu uko kwenye haki. iDRAC huzihesabu kwa namba moja, na ni vizuri kuielewa badala ya kunakili. Kuingia ni 1, kusanidi kidhibiti 2, kusimamia watumiaji 4, kufuta logi 8, kuwasha na kuzima seva 16, skrini ya mbali 32, midia ya mbali 64, kujaribu arifa 128, uchunguzi wa hitilafu 256. Jumlisha zote unapata 511, ambayo kwa maandishi ya kidhibiti ni 0x1ff, yaani msimamizi kamili. Mtazamaji ni 0x1.

Katikati kuna kiwango cha mwendeshaji kinachokuja tayari: 0xf9, sawa na 249. Ukikifungua utaona kina 1, 8, 16, 32, 64 na 128. Hiyo 8 haifai kuwemo. Ina maana mtu wa zamu anaweza kuzima seva halafu akafuta logi inayoonyesha amezima. Iondoe, ubaki na 241, yaani 0xf1.

Hata hivyo 0xf1 bado ni nyingi. Mwenye skrini ya mbali na midia ya mbali anaweza kuwasha seva kwa diski yake mwenyewe na kubadilisha nywila ya mfumo mzima. Huyo ni mwenye seva, hata kama kikundi chake kinaitwa zamu. Kama kazi ya zamu ni kuwasha mashine iliyoganda na kuangalia kama imeamka, mpe 1 + 16 + 32 = 49, yaani 0x31, na midia ya mbali ibaki kwa wasimamizi.

iLO haitumii namba. Ina visanduku vya kuweka tiki, lakini mantiki ni ileile. Kagua orodha yake ya vikundi kabla ya kuwasha saraka: ukikuta Authenticated Users (SID yake ni S-1-5-11), kiondoe. Hicho kinamaanisha kila mwenye akaunti kwenye domeni, mpaka mapokezi.

Nionyesheni hatua za iDRAC na Active Directory.

Tuseme seva za saraka ni dc1 na dc2, na cheti cha mzizi (cha mamlaka iliyotoa vyeti vya seva hizo) kiko kwenye faili mzizi.cer kwa muundo wa Base64.

```
racadm sslcertupload -t 0x2 -f mzizi.cer
racadm set iDRAC.ActiveDirectory.Schema 2
racadm set iDRAC.ActiveDirectory.DomainController1 dc1.ofisi.example
racadm set iDRAC.ActiveDirectory.DomainController2 dc2.ofisi.example
racadm set iDRAC.ActiveDirectory.CertValidationEnable 1
racadm set iDRAC.ADGroup.1.Name bmc-wasimamizi
racadm set iDRAC.ADGroup.1.Domain ofisi.example
racadm set iDRAC.ADGroup.1.Privilege 0x1ff
racadm set iDRAC.ADGroup.2.Name bmc-zamu
racadm set iDRAC.ADGroup.2.Domain ofisi.example
racadm set iDRAC.ADGroup.2.Privilege 0x31
racadm set iDRAC.ActiveDirectory.Enable 1
```

Kisha jaribu:

```
racadm testfeature -f ad -u mhudumu@ofisi.example -p nywila
```

Jibu lake ni refu na linaeleza hatua kwa hatua: DNS, mawasiliano, cheti, nywila, vikundi. Lisome lote. Kosa halisi huwa mstari wa katikati, na ule wa mwisho unarudia tu kwamba imeshindikana. Tumia akaunti ya majaribio, maana nywila uliyoiandika kwenye amri inabaki kwenye historia ya terminali.

Namba 2 kwenye mstari wa skima ni skima ya kawaida. Skima iliyopanuliwa (namba 1) inakutaka ubadilishe muundo wa Active Directory yenyewe, na mabadiliko ya skima hayafutiki. Hatuoni sababu ya kuitumia kwenye ofisi mpya. Kama vikundi na watu wako kwenye domeni tofauti, jaza pia anwani ya katalogi kuu (GlobalCatalog1) na ufanye vikundi viwe vya aina ya Universal.

Na iLO?

Ingia sehemu ya Security, kisha Directory. Chagua skima ya kawaida ya saraka, weka jina kamili la seva ya saraka na poti 636. Kwenye muktadha wa watumiaji weka @ofisi.example, ili mtu aandike "mhudumu" tu bila mkia. Vikundi viandike kwa anwani yake yote, kwa mfano CN=bmc-zamu,OU=Vikundi,DC=ofisi,DC=example. Kuna kitufe cha majaribio kinachopitia ping, DNS, SSL, kuingia na haki, kila kimoja na jibu lake. Ping ikishindwa na mengine yakapita, usihangaike. Ni fayawoli inazuia ping, haina madhara.

Cheti kinakataliwa. Kwa nini?

Hapa ndipo saa nyingi za mafundi huishia, na sababu zake zinajulikana.

Ya kwanza ni kuweka anwani ya IP mahali pa jina. Cheti cha dc1 kimeandikwa dc1.ofisi.example, si 10.20.1.10, kwa hiyo kidhibiti kinaona majina hayafanani na kinakataa. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye cheti.

Ya pili ni kupakia cheti cha seva ya saraka badala ya cheti cha mzizi cha mamlaka iliyokitoa. Hii ni mbaya zaidi kwa sababu inaweza kufanya kazi leo. Cheti cha seva ya saraka kinachotolewa na mamlaka ya vyeti ya Windows kwa kiolezo cha kawaida hudumu mwaka mmoja. Kikijisasisha chenyewe, hakuna anayejua, na asubuhi yake watu wote wamefungiwa nje. Cheti cha mzizi kwa kawaida ni miaka 5. Tarehe ya mwisho wake iandike kwenye kalenda ya timu.

Ya tatu: seva ya saraka haina cheti kabisa. Poti 636 haitoi huduma mpaka kiwepo cheti chenye matumizi ya uthibitisho wa seva (1.3.6.1.5.5.7.3.1). Thibitisha ukiwa kwenye mashine ya Linux iliyo VLAN moja na vidhibiti:

```
openssl s_client -connect dc1.ofisi.example:636 -showcerts
```

Usipoona cheti hata kimoja, tatizo si la kidhibiti. Mpigie simu anayetunza saraka.

Ya nne ni umri wa kidhibiti. Vya zamani kama iLO 2 haviongei TLS 1.2, na seva ya saraka iliyokazwa haitawajibu. Kushusha ulinzi wa domeni nzima kwa ajili ya seva moja ya zamani si biashara nzuri. Seva hiyo ibaki na akaunti ya ndani mpaka istaafu.

Kuzima ukaguzi wa cheti kunaruhusiwa kwa dakika tano za kutafuta kosa. Ukipita ukiwa umezimwa, umejua kosa ni cheti, uwashe tena. Ukiuacha hivyo, yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kujifanya dc1 na kupokea nywila za wasimamizi zikiwa wazi.

Saa ya kidhibiti ina uhusiano gani na haya?

Mkubwa. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kidhibiti kinazilinganisha na saa yake. Betri ya ubao mama ikifa, umeme ukikatika na kurudi, seva inaweza kuamka ikiamini ni miaka mingi nyuma, na hapo kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Kerberos yenyewe haivumilii tofauti inayozidi dakika 5.

Kuna pia ile tofauti ya saa tatu kamili. Windows huandika saa ya mahali kwenye ubao mama, Linux huandika UTC, na iDRAC isiyo na NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao) huchukua inachokikuta. Ukiona logi za seva mbili zinapishana saa tatu juu ya alama, usitafute mchawi. Weka NTP kwenye kila kidhibiti, ukanda wa saa uwe UTC+3, na maliza.

Mkiamua kuacha logi kwenye UTC, kubalianeni namna ya kutafsiri kwenye ripoti. Tukio la 19:40 UTC ni 22:40 kwetu, na mlinzi atakayeulizwa ataliita saa nne na dakika arobaini usiku. Tumeona maelezo ya tukio moja yakiwa na nyakati tatu tofauti, zote sahihi.

Nywila ni sahihi lakini anakataliwa.

Jaribu nje ya kidhibiti kwanza:

```
LDAPTLS_CACERT=mzizi.pem ldapsearch -x -H ldaps://dc1.ofisi.example \
  -D mhudumu@ofisi.example -W -b "DC=ofisi,DC=example" \
  "(sAMAccountName=mhudumu)" memberOf
```

Active Directory ikikataa itatoa kosa 49 likiwa na neno data na namba ndogo mbele yake, na hiyo namba ndogo ndiyo ya kusoma. 52e ni nywila si sahihi. 525, mtu huyo hayupo. 532, nywila imeisha muda. 533, akaunti imezimwa. 773, anatakiwa abadilishe nywila kwanza (hii huwapata waajiriwa wapya, na ukurasa wa kidhibiti hauna pa kubadilishia). 775, akaunti imefungwa kwa kukosea mara nyingi.

Ikikubali na memberOf haionyeshi kikundi chako, basi mtu hajaingizwa, au ameingizwa kwenye kikundi kilichomo ndani ya kikundi kingine. memberOf haionyeshi ngazi hizo. Wala haionyeshi kikundi cha msingi cha mtu, ndiyo maana kumpa haki Domain Users hakuleti matokeo hata kama kila mtu yumo. Uanachama wa ngazi za ndani unaupata hivi:

```
(memberOf:1.2.840.113556.1.4.1941:=CN=bmc-zamu,OU=Vikundi,DC=ofisi,DC=example)
```

Kwa uzoefu wa kazi hii, dawa rahisi ni kuwaweka watu moja kwa moja kwenye kikundi.

Ilikuwa inafanya kazi, ghafla wote wamefungiwa. Hakuna aliyegusa kitu.

Kama mnatumia akaunti ya huduma, angalia nywila yake. Sera ya msingi ya Active Directory humaliza muda wa nywila baada ya siku 42. Hesabu siku tangu ulipoiunda, mara nyingi jibu litakuwa hapo. Akaunti hiyo ipe nywila ndefu isiyoisha muda, na haki ya kusoma tu.

Tunatumia OpenLDAP, si Active Directory.

Inawezekana. Chagua LDAP ya kawaida, jina la kutafutia liwe uid badala ya sAMAccountName. Angalia aina ya vikundi: groupOfNames huhifadhi anwani nzima ya mtu kwenye member, posixGroup huhifadhi jina tupu kwenye memberUid. Kidhibiti kikitafuta anwani nzima kwenye posixGroup hakitapata kitu, na hakitakuambia kwa nini. memberOf kwenye OpenLDAP ni nyongeza ya kuwashwa, haiji yenyewe.

Umeme ukikatika, na saraka yenyewe iko ndani ya seva hizohizo?

Swali hili liulizwe kabla ya mengine yote. Ofisi nyingi zina dc1 na dc2 kama mashine pepe juu ya seva zinazolindwa na vidhibiti hivi. Umeme umekatika, jenereta imechelewa, UPS imeisha. Umeme unarudi, vidhibiti vinaamka ndani ya dakika chache, lakini seva zimebaki zimezimwa. Ili uwashe seva unahitaji kuingia kwenye kidhibiti, ili uingie unahitaji saraka, na saraka iko kwenye seva iliyozimwa.

Kwa hiyo kila kidhibiti kibaki na akaunti moja ya ndani. Nywila yake iwe tofauti kwa kila seva, ichapwe, ifungwe kwenye bahasha na kuwekwa kwenye sefu, si kwenye faili lililoko ndani ya seva ileile. Ikitumiwa, ibadilishwe siku hiyo. root na calvin za Dell, au ADMIN na ADMIN za Supermicro za zamani, zisibaki hata siku moja.

Na mara moja kila robo mwaka, zimeni njia ya kwenda saraka kwa makusudi mjaribu bahasha. Nywila iliyokosewa wakati wa kuchapwa hugundulika siku mbaya.

ipmitool haikubali majina ya saraka.

Haitakubali. IPMI 2.0, itifaki ya zamani ya kudhibiti seva inayotumiwa na ipmitool, inahitaji kidhibiti kiwe na nywila yenyewe mkononi ili kikokotoe uthibitisho, na nywila za saraka hakina. Udhaifu huohuo wa muundo humwezesha mtu wa nje kuomba alama (hash) ya nywila ya akaunti ya ndani kisha akaivunja kwa utulivu nyumbani kwake. Zima IPMI ya mtandao, UDP 623, na utumie Redfish, njia mpya ya kuvidhibiti kupitia HTTPS.

Tuna seva sitini. Tubofye zote?

Hapana. Redfish ina anwani moja ya mambo haya, /redfish/v1/AccountService. Soma kwanza kilichopo kwa GET, kwa sababu kila mtengenezaji amepanga kivyake, kisha tuma mabadiliko kwa PATCH:

```
{"ActiveDirectory":{"RemoteRoleMapping":[
  {"RemoteGroup":"bmc-wasimamizi","LocalRole":"Administrator"},
  {"RemoteGroup":"bmc-watazamaji","LocalRole":"ReadOnly"}]}}
```

Orodha inasomwa kwa nafasi. Ukitaka kugusa cha pili tu, weka {} mahali pa cha kwanza ili kibaki kilivyo. Ukiweka null umekifuta. Anza na seva moja isiyo na kazi nzito, halafu tano, halafu zilizobaki.

Mtu ameacha kazi na akaunti imezimwa. Ametoka?

Hawezi kuingia upya. Lakini kama alikuwa ameshaingia, kikao chake kinaendelea mpaka kiishe: kwenye iDRAC ukurasa wa wavuti husubiri sekunde 1800 bila kuguswa, na mtu anayeendelea kubofya hafikii hapo. Nenda kwenye orodha ya vikao ukikate. Kisha kagua funguo za SSH zilizopakiwa kwenye akaunti za ndani, kwa sababu hizo haziulizi saraka kitu, na badilisha bahasha zote alizowahi kuzifungua.

Fundi wa nje anakuja siku mbili kubadilisha diski.

Mfungulie akaunti kwenye saraka yenye tarehe ya kuisha, umtie bmc-watazamaji. Akihitaji kuwasha na kuzima, mhamishie bmc-zamu kwa muda wa kazi. Taa ya kuitambulia seva kwenye raki iwashwe na mtu wenu akiwa kwenye kiti chake, fundi aone ni ipi ya kuchomoa.